Frida Aliomba Daraja

Frida Kikoti alinyang'anywa saa ya kumnyonyesha mwanawe, na waliomnyang'anya ni walewale waliokuwa wamempa. Hawakumfungia mlango wala hawakumtukana. Walikaa vitini, wakaamua fedha za mji ziende wapi, na uamuzi huo ukamwacha bila njia. Alipochelewa kwa kukosa njia, wakamwadhibu kwa kuchelewa. Kila hatua ilikuwa na saini yake na mhuri wake. Ndiyo maana habari hii inafaa isimuliwe taratibu, ili asitokee wa kusema kwamba hakuelewa.

Frida ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto katika kituo cha afya cha Nyalulembe, mji mdogo ulioko kando ya barabara kuu kati ya Iringa na Chimala. Kwao ni Kilolo. Mumewe, Silvester, anafanya kazi kiwandani Mgololo na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Agosti ya mwaka 2023 walimpata mtoto wao wa kwanza, wakamwita Dastan. Likizo ya uzazi ilipokwisha, mwezi Novemba, Frida alimwacha mtoto nyumbani na mama mkwe wake, Mama Apolonia, akarudi kazini.

Kazi yake ya kila asubuhi ni somo. Akina mama huketi kwenye mabenchi, watoto wamefunikwa blanketi kwa sababu ya baridi ya kule, na Frida husimama mbele yao.

"Miezi sita, mtoto anakula nini?"

"Maziwa ya mama!"

"Na maji kidogo?"

"Hapana!"

"Na uji wa bibi, ule mwepesi, wa kuonja tu?"

Hapo benchi zima hucheka, maana kila mmoja ana bibi huko nyumbani na kila bibi ana uji. Siwema, mhudumu anayepima watoto uzito, hudakia kutoka kwenye mizani: "Bibi akionja mwenyewe inatosha!" Kisha kliniki huanza.

Aliyefundisha somo hilo alikuwa na mtoto wa miezi mitatu ng'ambo ya mto. Sheria humpa mama anayenyonyesha hadi saa mbili za kutoka kazini kila siku, na Frida aliomba azigawe: moja asubuhi, moja mchana. Afisa utumishi wa halmashauri ya mji, Bwana Jailos, alizitoa bila ubishi. Alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni ilisema apewe.

Mwanzoni saa hizo zilitosha. Nyuma ya kituo kuna kinjia kinachopita kando ya vitalu vya kabichi hadi Mto Lugwina. Wakazi wa mtaa wa Ng'ambo walikuwa wamelaza magogo mawili ya mkaratusi juu ya maji, wakayapigilia ubao hapa na pale. Frida alivuka, akapanda kilima, akamkuta mama mkwe amekaa mlangoni na mtoto, akanyonyesha, akarudi na sare yake ikiwa safi.

Wafanyakazi wanapokunywa chai hupenda kuorodhesha mema wanayoyataka kwa mwajiri. Mmoja hutaka bima itakayomtibu na mama yake mzazi, mwingine hutaka nyumba ya mtumishi. Silvester, akipiga simu, hakuacha kulisifia basi linalomchukua asubuhi na kumrudisha jioni.

"Na wewe, shosti?" Siwema alimuuliza siku moja. "Ukiambiwa chagua moja."

"Mimi saa zangu zinanitosha."

"Masikini wa Mungu! Watu wanataka viwanja, yeye anataka kwenda kunyonyesha."

"Kiwanja hakilii, dada Siwema."

Siwema alicheka hadi akaweka kikombe chini. Ni mwanamke wa mjini Mbeya, wazee wake walitoka pwani wakaja na biashara ya vitambaa, na ulimi wake haujawahi kupata baridi ya Nyanda za Juu. Tangu Frida aliporudi kazini walikuwa marafiki wa kuachiana funguo.

Desemba mvua zilianza kwa hasira. Asubuhi moja Frida alishuka kutoka kituoni hadi mtoni akakuta maji mekundu yamepanua kingo, na magogo hayapo. Hakukuwa na hata ubao. Alisimama pale, mkono kifuani, akisikia maziwa yakishuka yenyewe kwa sababu saa yake ilikuwa imefika na mwili haujui habari za mafuriko.

Njia iliyobaki ilikuwa ya kuzunguka: kupanda hadi barabara kuu, kuvuka kwenye daraja la magari, kisha kurudi nyuma kwa njia ya matope ambayo pikipiki nyingi zilikataa kuingia. Kwenda tu kuliimaliza ile saa. Siku ya kwanza alirudi akakuta akina mama wamesimama mlangoni, chanjo zimesubiri, na mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, amekunja uso. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu hakwenda.

Alijaribu kukamua maziwa alfajiri na kuyaacha kwenye kikombe. Mama Apolonia alikitazama kikombe kile kama mtu aliyeletewa dawa asiyoijua.

"Mwali, haya ya nani?"

"Yangu, mama. Unampa kidogokidogo, kwa kikombe."

"Mtoto anakunywa mtu, hanywi kikombe."

Na Dastan, kana kwamba amemsikia bibi yake, alifumba mdomo akakataa. Maziwa yalimwagika shingoni mwake. Jioni Frida aliporudi alimkuta amelia mpaka sauti imekauka, na kwenye jiko, ndani ya sufuria ndogo, kulikuwa na uji wa ulezi uliobaki. Mwepesi. Wa kuonja tu. Aliinua sufuria, akaiosha, akairudisha mahali pake, na usiku kucha alimshika mtoto akihesabu pumzi zake kama mtu anayesubiri kusikia kitu kibaya.

Tangu siku hiyo wasiwasi haukumtoka. Kila alipofundisha somo, alihisi kwamba mama mmoja kwenye benchi atanyoosha mkono na kumuuliza wa kwake yeye anakula nini. Alizoea kuvaa kanga nyepesi chini ya sare ili maziwa yasionekane. Mtoto yeyote akilia kwenye foleni, kifua chake kiliitika, na yeye aligeuka ukutani kana kwamba anatafuta kalamu.

Wakati huohuo halmashauri ilikuwa na jambo moja kichwani: mzunguko wa barabara kuu. Mji, walisema, hauna sura. Mabasi ya Mbeya yanapita bila abiria kujua kwamba yamepita mji. Kwa hiyo bajeti ya miundombinu ya mwaka ule ilielekezwa kwenye kipilefti kipya chenye nyasi, taa za rangi na, katikati yake, hindi kubwa la saruji lililomenywa nusu. Hindi hilo lipo hadi leo. Msafiri hulitazama kwa muda wa kugeuza shingo, kisha anaendelea na usingizi wake. Hakuna anayechukia mji kuwa na sura. Kinachochukiza ni kwamba upande mmoja wa meza walikaa watu wa maslahi ya watumishi, upande wa pili watu wa ujenzi, na hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba saa iliyotolewa huku inahitaji njia inayojengwa kule.

Januari 2024 liliitishwa baraza la wafanyakazi, ambalo hukaa kabla ya bajeti kupitishwa. Siwema alikuwa mwakilishi wa kituo cha afya. Frida alimfuata chumba cha sindano.

"Dada, nisaidie jambo moja tu. Liseme daraja."

"Daraja, nitalisema. Nitaanza nalo."

"Usisahau."

"We Frida! Nikisahau daraja, nivalishwe gunia."

Hakusahau. Ukumbi ulikuwa umejaa, madirisha yamefungwa kwa baridi, na Frida aliketi benchi la nyuma akiwa ameomba ruhusa ya kusikiliza. Zamu ya kituo cha afya ilipofika, Siwema alisimama, akatengeneza mtandio wake, akasema kwa sauti ya kueleweka:

"Mheshimiwa Mwenyekiti, wauguzi wa kliniki, hasa dada yetu Frida Kikoti, wanaomba daraja."

Watu wakaguna. Watatu wanne wakageuka kumtazama Frida, na macho yao hayakuwa ya kirafiki. Bwana Jailos aliinuka akitabasamu, kwa kuwa swali hilo alilijua, na jibu lake alikuwa amelitoa mara nyingi.

"Mwenyekiti, tuwe wakweli. Kupanda daraja kuna muda wake. Mtumishi anakaa, anapimwa utendaji, kisha anapanda. Dada yetu ametoka likizo ya uzazi juzi. Kuna watu humu wana mvi na bado wanasubiri daraja!"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mzee mmoja wa idara ya kilimo alipaza sauti: "Na sisi tuzae basi, tupande!" Kicheko kikatawala.

Frida alisimama. "Siyo hilo, Mwenyekiti. Daraja la mtoni. La kukanyaga. Lugwina."

Kicheko kilipungua, lakini sura ya Bwana Jailos haikubadilika. "Kama ni la mtoni, Mwenyekiti, basi hoja imekosa mahali. Hapa tunajadili maslahi ya watumishi. Mto ni miundombinu."

"Naomba iende ujenzi," akasema mwenyekiti, na wakaingia kwenye ajenda ya sare.

Ilikwenda ujenzi. Mhandisi wa mji, kijana mstaarabu, alimkaribisha Frida kiti na akamwonyesha ramani. Alieleza bila dharau kwamba daraja hujengwa juu ya barabara, na pale kwenye magogo hakuna barabara iliyosajiliwa, ni kinjia tu. Kisicho barabara hakiwezi kuwa na daraja. Akashauri aongee na utumishi, labda wamhamishie kituo kilicho karibu na kwake.

Alipotoka, Siwema alikuwa akimngoja kando ya ukuta.

"Nilisema daraja," Siwema akaanza kabla hajaulizwa. "Wakasikia daraja."

"Ungesema mto."

"Uliniambia daraja! Wallahi, Frida, ulilitamka mwenyewe, na mimi nikalibeba kama ulivyonipa."

Ilikuwa kweli, na ukweli huo uliwauma wote wawili. Kwa mtumishi wa umma neno lile lina mlango mmoja tu. Wafanyakazi wale walikuwa wameliota kwa miaka, wakalisikia likitajwa, na kila mmoja akadhani jirani yake anataka kumpita kwenye foleni. Siku kadhaa baadaye bado walikuwepo waliompita Frida koridoni na kumwambia, "Hongera ya daraja, bosi."

Februari maji yalizidi. Frida alianza kwenda mtoni saa yake ikifika, ingawa hakuna pa kuvukia, kwa sababu kukaa kituoni kulimshinda. Siku moja aliwakuta. Mama Apolonia alikuwa amesimama upande wa pili, mtoto mgongoni, kitenge kimelowa. Alikuwa amembeba Dastan hadi ukingoni.

"Kamwene, mama!" Frida aliita.

"Kamwene! Huyu hataki kitu! Tangu asubuhi hataki!"

"Ana joto?"

"Nini?"

"Joto! Mwili!"

Maji yalimeza jibu. Aliona mkono wa bibi ukimgusa mtoto paji la uso, kisha bibi akavua ndala, akaweka mguu wa kwanza majini.

"Mama, hapana! Rudi! Rudi, mama!"

Ambokile, mchimba mchanga ambaye siku za mafuriko huvusha watu mgongoni, alikuwa kwenye mchanga upande wa Frida akivuta sigara. Alisimama, akatupa sigara, akapiga kelele kwa sauti iliyofika ng'ambo: "Bibi, usisogee! Namleta mwenyewe mama yake!" Kisha akamgeukia Frida. "Panda."

"Maji yanafika wapi?"

"Kwangu kiunoni. Kwako hayafiki, utakuwa juu. Usinikabe shingo tu, nesi, mimi bado sijaoa."

Alipanda. Katikati ya mto Ambokile aliteleza, na kwa muda mfupi dunia nzima ilikuwa maji mekundu na kelele za bibi. Kisha mguu wake ukapata jiwe. Walipotoka, Frida alikuwa amelowa hadi kifuani, kiatu kimoja kimekwenda. Hakungoja kufika nyumbani. Aliketi kwenye majani, akafungua vifungo vya sare, na Dastan, mwenye joto kama chungu kilichotoka jikoni, alinyonya kwa pupa huku bibi yake akimshika mguu.

"Ndaga, kaka," Frida alimwambia Ambokile. Alimshukuru kwa lugha ya kwao Ambokile, naye akainamisha kichwa.

Mvua ilirudi kabla hajamaliza, na mto ukapanda hata Ambokile akakataa kuingia tena. Frida alirudi kwa njia ndefu, na kiatu kimoja, akafika kliniki imekwisha kufungwa. Ilikuwa siku ya chanjo. Akina mama waliotoka vijijini walikuwa wamerudishwa.

Hapo ndipo Bwana Jailos alipomwita. Katika yote, hili ndilo gumu kulisamehe: hakuwa mkali. Alimpa kiti, akamuuliza habari za mtoto, akasikiliza habari ya mto hadi mwisho.

"Pole sana, dada Frida. Lakini angalia upande wangu. Nimekupa saa, ukarudi kliniki imefungwa. Watoto wa watu wamekosa chanjo. Ruhusa hii imekushinda kuitumia, kwa hiyo naisitisha kwanza."

"Bwana Jailos, umenipa saa. Mimi nyumbani kwangu kuna mto."

"Mto sikuuweka mimi."

"Lakini hindi mmeliweka nyinyi."

Bwana Jailos akasema kwamba hayo ni masuala ya idara nyingine.

Machi, mgongoni mwa bibi yake, kwa njia ndefu ya barabara kuu, Dastan aliletwa kliniki kupimwa. Frida aliomba mwingine ampokee, lakini siku hiyo hapakuwa na mwingine. Siwema alimtundika mtoto kwenye mizani, akaisoma, akaisoma tena, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakuwa na neno la utani. Alama aliyoiweka kwenye kadi iliangukia chini ya ile ya mwezi uliopita, nje ya rangi ya kijani, ile ya mtoto anayekua vizuri.

Baada ya mizani kuna swali, nalo huulizwa kila mama, kwa sauti, mbele ya benchi. Siwema alilijua. Mabenchi yalilijua.

"Mtoto anakula nini?" akauliza polepole.

Mama Apolonia alitazama chini. Frida angeweza kujibu kwa lugha ya kitabu, na hakuna ambaye angempinga. Alitazama wale akina mama, wengi wao wa Ng'ambo, waliozunguka njia ileile na matope yaleyale miguuni.

"Uji," alisema. "Tangu Desemba. Maziwa yangu yamepungua, kwa kuwa sipati kufika kwake."

Hakuna aliyecheka. Kwenye benchi la pili mwanamke alisema, kama anayeongea peke yake, "Wangu pia." Mwingine akasema wa kwake hajapata chanjo ya pili kwa ajili ya mto. Kisha wakaanza kusema wote, na Siwema, aliyekuwa bado na kalamu mkononi, akamshika Frida bega.

"Sikia. Safari hii silisemi lile neno. Halitaingia kinywani mwangu tena."

Dastan aliugua kuhara wiki mbili na akapona. Maziwa hayakurudi kama mwanzo. Kufikia Agosti alikuwa ameacha ziwa mwenyewe, na ruhusa iliyositishwa "kwanza" ikawa haina tena wa kuidai. Hindi la saruji liliwashwa taa zake Septemba, na watumishi waliamriwa kuhudhuria.

Kwenye baraza la Januari 2025 Siwema alisimama tena, mtandio uleule. Nyuma yake, kwa mara ya kwanza katika ukumbi ule, walikaa akina mama wa Ng'ambo na watoto wao mgongoni. Walikuwa wameombewa nafasi kama wageni waalikwa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, "kituo cha afya kinaomba mahali pa kukanyaga juu ya maji ya Lugwina. Mtumishi apite akanyonyeshe, na mama apite alete mtoto. Kama ni maslahi, yapokeeni. Kama ni miundombinu, ipokeeni. Sisi hatutoki hapa kwenda ofisi nyingine."

Bwana Jailos alifungua mdomo, akamtazama mhandisi. Mhandisi alimtazama mwenyekiti. Mtoto mmoja alilia, na mama yake, bila haraka, akamnyonyesha palepale. Mhandisi alisema kwamba, kwa jina la kivuko cha waenda kwa miguu, jambo hilo halihitaji barabara iliyosajiliwa. Ilikuwa hivyo mwaka uliotangulia pia. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kwa jina hilo.

Kivuko cha chuma juu ya Mto Lugwina kilifunguliwa tarehe 17 Juni 2025, na wauguzi watatu wa kituo cha Nyalulembe wanaonyonyesha hukitumia kila siku ya kazi. Dastan Silvester, ambaye kiliombwa kwa ajili yake, alikivuka siku hiyo kwa miguu yake mwenyewe.